Etajere ya ngazi: usiiegemeshe tu kwa ukuta

Karibu kila wiki kuko mtu ananifikia hapa atelye na simu mkononi, ananionyesha foto ya etajere ya ngazi, rafu ya kupangia vitu, ile ya chini pana juu nyembamba, inaegemea ukuta kama ngazi ya mpaka rangi. Zamani walikuwa wanasema fundi nitengenezee. Siku hizi wengi wanasema hapana fundi, nielekeze tu, nitajifanyia nyumbani. Sawa, mie sioni wivu, ila kuko kitu kimoja ile foto haisemi.

Ya kwanza niliifanya mu 2020, ya shemeji yangu, huko Katindo, mtaa wetu wa Goma. Niliikopia vile vile kwa foto: miguu miwili ya kulala, mbao nne, naegemesha kwa ukuta, basi, hata vise moja (skrubu) ya kuikamata sikuweka. Ikapendeza kweli. Kisha ikafika ile tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ikafunguka, na nyinyi wa Goma munakumbuka vile ardhi ilitikisika siku baada ya siku mpaka tarehe 27 wakatuambia tuhame, watu wakajaa njia ya Sake. Tuliporudi shemeji akafungua mlango, mlango ukagoma. Etajere ilikuwa imeteleza kwenye karo za sakafu ikalala chali nyuma ya mlango, masufuria yote chini. Akanipigia simu: "Shemeji, kuja uondoe ngazi yako, niingie kwangu." Mpaka leo ananichekea na hiyo.

Njo maana sasa yangu inakuwa na mguu wa nyuma. Kila upande, mguu mmoja unasimama wima umebanana na ukuta, mwingine wa mbele unalala, inakutana juu. Ukiangalia kwa mbele bado ni ile ngazi ya foto, ila inasimama yenyewe, na pia inakuwa rahisi kupima, kwa sababu unapimia kwa mguu wima, si kwa ule wa kulala.

Mbao kwanza, kwa sababu hapo njo watu wanapoteza pesa. Chukua sipres, iko nyepesi, inakatika vizuri, haikuchokeshi. Ekaliptusi iko na nguvu na bei yake si mbaya lakini ikiwa mbichi inajipinda na kupasuka wakati wa kukauka, unaiacha jioni imenyooka asubuhi unakuta upinde. Muvula iko mbao ya kifalme, ila kwa mtu anayejifundisha ni kuharibu pesa. Na muuzaji atakuambia imekauka, wote wanasema hivyo. Ukiwa na mizani ya jikoni, kata kipande kidogo, kipime leo uandike, upime tena baada ya siku tatu, tena baada ya siku tatu. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yako ndani. Panga mbao zako kivulini, kati ya moja na nyingine weka vijiti upepo upite, juu yake weka jiwe, hapa kwetu mawe hayakosi.

Na jambo lingine la Goma: mbao inakuja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inashushwa chini, chini ni vumbi la volkano na vimawe vyenye meno. Vinaingia kwa mbao. Ukipitisha rabo (randa) bila kusugua kwanza na brosi ya waya, kisu chako kimekwisha.

Sasa mulalo, yaani vile mguu wa mbele unavyoinama. Watu wanaogopa hapa, wanatafuta digrii kwa simu. Acha digrii. Ngazi ya kupandia wanaisimamisha moja kwa nne, yaani ukipanda mita 4 mguu uko mita 1 mbali na ukuta, na huo mulalo unafaa kabisa kwa etajere pia. Chukua tripleksi (plaiwudi) yenye kona nzuri. Toka kwa kona pima sentimita 40 kwenda juu, tia alama, pima 10 kwenda pembeni, tia alama, unganisha na kreyo, kalamu ya risasi. Ule mstari njo mulalo wako. Ukiwa na ile ekere, kipimo cha kona, yenye mkono unaocheza, iweke pale, kaza, usiifungue mpaka kazi iishe. Huna? Vijiti viwili na vise moja katikati, inatosha.

Hesabu nzuri yake iko hivi: kila ukipanda sentimita 40, kina cha mbao kinapungua 10. Mguu wa mbele nauweka sentimita 50 toka ukuta. Mbao ya kwanza iko kwa 20 kwenda juu, kina chake 45. Ya pili kwa 60, kina 35. Ya tatu kwa 100, kina 25, na ya mwisho kwa 140, kina 15. Mguu wa mbele upana 7, wa nyuma 5, unene wote 2 na nusu, urefu wa yote kwenda juu mita 1 na 70. Wa kulala nunua wa mita 2, utakata mwisho wa chini kwa mulalo ule ule ili ulalie sakafu vizuri, si kusimama kwa ncha.

Pale juu miguu inapokutana tunafanya mi-bua: kila mmoja unakatwa nusu ya unene, unalalia ndani ya mwenzake, kole (gundi), vise mbili. Lalisha miguu chini vile itakavyokaa, mmoja juu ya mwingine, piga kreyo pande zote, kisha kata NDANI ya mstari, si juu yake. Ikikaza sana unapunguza na patasi kidogo kidogo, ikilegea hakuna dawa, kole haijazi shimo hata uimwage chupa nzima.

Vipande vya kubeba mbao vinatoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kwa ndani, vise mbili kila upande, za sentimita 4 ili zisitokee ngambo. Toboa kwanza. Kama huna cha kutobolea na unatumia musumari, gonga ncha yake na nyundo iwe butu, musumari wa ncha kali unapasua mbao, ule butu unaponda nyuzi na kupita. Vise ipakwe sabuni, itaingia bila kelele.

Urefu wa mbao usipite sentimita 80. Mtu ataniambia fundi weka mita 1 na 60 ukuta uko mrefu, lakini urefu ukiwa mara mbili kwa mzigo ule ule, mbao inabonyea mara 8, na vitabu vya watoto na unga si mzigo mdogo. Na ya chini usitafute ubao mmoja wa 45, weka mbili, kati uache nafasi ya kidole, mbao inavimba kwa upana wakati wa mvua na inahitaji pa kwenda.

Nyuma pigilia mbao mbili za kukingama, moja juu na moja chini, isiyumbe kulia na kushoto. Ile ya juu njo inakamatwa kwa ukuta. Nyumba ya mbao: usifunge kwa ubao wa ukuta, ule mwembamba unang'oka, tafuta poto, nguzo iliyo nyuma yake, fuata mustari wa misumari utaiona. Nyumba ya mawe au ya bloko: toboa, ingiza shevi, kile kiplagi cha plastiki cha kushika vise, kisha vise ndefu. Sakafu ikiwa na bonde, na kwetu wengi wanayo, tia kipande chembamba chini ya mguu kabla ya kukaza, si baadaye.

Papye vere (msasa) namba 80, halafu 120, halafu verni (vanishi) mara mbili, mlango wazi. Ishike na kidole siku ya pili, ikinata bado iache. Shemeji, ile mpya niliyomfanyia, hakuvumilia, alipanga sahani usiku ule ule, na duara zao ziko pale mpaka sasa, sita, zimepangika vizuri kabisa.