Kawaii, na "ka" yetu ya Kampala

Asubuhi robota la mitumba linapokatwa kamba pale Owino, soko letu la Kampala, mikono mingi hukimbilia jinzi na makoti. Mimi hutafuta nguo za watoto na blauzi za wasichana, kwa sababu ndizo ninazozirekebisha kwenye kibanda cha shangazi yangu. Siku moja nilichomoa blauzi ya waridi yenye uso wa paka mweupe kifuani: macho mawili kama vifungo vyeusi, pua ya manjano, utepe mwekundu sikioni. Mdomo hana. Mdogo wangu aliikumbatia palepale, "Dada, kapaka!" Shangazi akaigeuzageuza, akauliza, "Huyu asiye na mdomo anakula nini?"

Nilimjibu kwamba anaitwa Hello Kitty, kwamba kampuni ya Sanrio ya Japani ilimbuni mwaka 1974, na kwamba kwao kitu cha namna hiyo kina neno lake: kawaii. Akataka nimwambie maana. Nikasema "kizuri", na nilipolisikia jibu langu nikajua limepungua.

Bibi harusi aliyevaa gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ni mzuri. Milima ya Rwenzori ikivuliwa mawingu ni mizuri. Lakini huwezi kutamani kuufunika mlima usipate baridi. Kawaii ni ule uzuri unaoambatana na kutamani kushika polepole, kulisha, kukinga. Kifaranga cha siku mbili kinao. Kiatu cha mtoto anayeanza kutembea kinao, hata kikiwa kitupu mlangoni. Kwa hiyo neno linakitaja kitu na wakati huohuo linaitaja hali ya moyo wa anayekitazama. (Wakati wa kulitamka vuta irabu ya mwisho, ka-wa-ii, na uichunge ile ya kwanza. Ukiteleza ukasema kowai, umesema kwamba kinatisha.)

Asili ya neno inasaidia. Neno la kale lililolizaa lilihusu uso kuwaka, kama wa mtu aliyeona haya. Kutoka haya likasogea kwenye kuona huruma, na kutoka huruma likafika kwenye kupenda kilicho kidogo. Ile huruma haijafutika, kwani neno ndugu yake, kawaisō, bado hutumika kwa aliyepatwa na mabaya. Hilo nililielewa haraka kuliko yote, maana bibi yangu akishika kichanga chenye afya, kilichoshiba, husema "maskini!" huku anatabasamu. Mgeni angeshangaa: umaskini wake uko wapi? Sisi tunajua.

Lakini neno lililo karibu zaidi nadhani alilitamka mdogo wangu bila kufundishwa. Kiswahili cha vitabu huonyesha udogo kwa ki-: kitoto, kijibwa. Sisi wa bara, Kampala mpaka Nairobi, hupenda ka-, na wingi wake tu-: katoto kanalia, tupaka tunacheza. Waganda nao wana aka-, ndiyo maana mtoto mdogo ni akaana na kisichana ni akawala. Kufanana kwa ka- yetu na mwanzo wa kawaii ni bahati tu, lugha hizo hazina udugu. Kazi ndiyo inayofanana: ukiweka ka- mbele ya neno, unakipunguza kitu umbo na papo hapo unakisogeza kifuani. Nalisema hili kwa upendo, kwa sababu mjini kwetu wako watu wengi waliokisikia Kiswahili kwanza kama amri ya askari, na mpaka leo wanakiona kikali. Nyumbani kwetu ndicho kilichotubembeleza. Katoto kalale, kesho tutakapa uji.

Kwa nini uso wa yule paka unatushika? Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza kwamba binadamu tunaitikia alama za utoto: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi. Mtoto wa mbwa anazo, mtoto wa sokwe anazo, na wachoraji wa Kijapani wamejifunza kuziweka hata kwenye picha ya kipande cha mkate. Mdomo ukikosekana, sura inabaki wazi: ukiwa na furaha unamwona naye ana furaha, ukiwa na huzuni anakaa nawe kimya. Hilo ndilo jibu la shangazi, ingawa yeye bado anamhurumia kwa njaa.

Na mwalimu wa mambo haya kwa Wajapani ni wa zamani. Yapata miaka 1,000 iliyopita mwanamke wa ikulu aitwaye Sei Shonagon aliorodhesha vitu vya kupendeza vya namna hii. Kimojawapo ni kinda la shomoro linalokuja likirukaruka mtu anapoiga mlio wa panya. Neno lake lilikuwa utsukushi, ambalo leo limehamia kwenye "uzuri" wa kawaida, na kiti chake kimekaliwa na kawaii. Kinda lenyewe ningeweza kulikuta chini ya mwembe wetu.

Kawaii tunayoijua kutokana na nguo ni ya juzi. Miaka ya 1970 wasichana wa shule Japani walianza kuandika kwa herufi za mviringo, wakichomeka mioyo na nyota katikati ya maneno. Baadhi ya shule zilipiga marufuku mwandiko huo. Naupenda mwanzo huu, kwamba mtindo ulioenea dunia nzima ulianzia kwenye madaftari ya watoto, bila kampuni kuwatuma. Baadaye ukaingia kwenye mavazi, na mtaa wa Harajuku jijini Tokyo ukajulikana nao. Wapo wanaobandika vibanio vya rangi kichwani mpaka nywele zifichwe, na wapo wanaovaa mtindo uitwao Lolita: sketi iliyofura kwa marinda, lesi, kola ya mviringo, soksi ndefu.

Mshonaji akiangalia gauni hilo anaona hesabu za Lorenz. Kola ya mviringo hulitenga shingo na kukifanya kichwa kionekane kikubwa. Mikono hufura begani kisha hubanwa, na mkono wenyewe unaonekana mfupi. Gomesi yetu imekatwa kwa nia nyingine kabisa: mabega yamechongoka kwenda juu, mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno, na mama akiivaa anaongezeka, anajaza mlango. Nimeshona vyote viwili, kimoja kwa mtoto wa jirani na kingine kwa mjomba aliyekuwa anaoza binti, na mikono yangu ilijua tofauti kabla ya akili.

Wako Wajapani, wanawake hasa, wanaolilalamikia neno hili. Mwanamke mtu mzima akiitwa kawaii kazini kila siku, hataki tena kulindwa, anataka kusikilizwa. Nawaelewa. Hata ka- ina upande huo. Mwite mtu mzima kajitu uone kama atacheka.

Lakini kumfanya mtu mdogo si kazi pekee ya neno hili. Mwaka 2012 Hiroshi Nittono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi. Walipewa kazi ya kutoa vipande vidogo kwenye matundu kwa kibano bila kugusa kingo. Waliotazama picha za watoto wa mbwa na wa paka kabla ya kurudia kazi walitulia na kufanikiwa zaidi kuliko waliotazama picha za mbwa na paka wakubwa. Mimi naamini, kwa sababu nimeyaona mwenyewe. Ndani ya boksi la mabaki ya vitambaa, chini ya cherehani ya shangazi, paka wa soko alizaa tupaka tatu. Tangu siku ile shangazi hukanyaga pedeli taratibu, na hata lesi, ambayo huteleza na kukunjamana ukiiharakisha, imekuwa inatoka imenyooka.

Jana kamoja kalifumbua macho, ya buluu, bado hayajui pa kutazama. Kakatambaa mpaka kwenye utepe mwekundu uliodondoka, kakauangukia. Shangazi alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akainama, akaunyanyua ule utepe kwa ncha za vidole ili usikasonge.

"Maskini," akasema, na mdogo wangu akamwambia, "Shangazi, huyo ndiye kawaii."