Chukua la juu, kaka: dhana potofu na ukweli kuhusu magari ya Dar

Ukiwaambia watu kijiweni kwamba unataka kununua gari, hawakuulizi una shilingi ngapi, wanakuuliza unakaa wapi. Niliposema Goba, jibu lilitoka kabla sijamaliza kahawa: "Chukua la juu, kaka. Tena fowili. Kule bila fowili unalala njiani."

Hakuna aliyeuliza swali la pili, kwamba nikishatoka Goba naelekea wapi. Safari ya mkazi wa Dar ni safari mbili ndani ya moja. Kwanza kilomita moja au mbili za makorongo, mchanga na vifusi kutoka nyumbani hadi kwenye lami. Kisha foleni ya Bagamoyo Road, Morogoro Road, Nyerere Road au Kilwa Road, ambazo zote zinabana kuelekea katikati ya jiji. Gari linaloiweza ya kwanza si lazima liiweze ya pili. Tangu siku ile nimemiliki magari mawili, na sehemu kubwa ya ushauri wa kijiweni nimeulipia gereji.

"Fowili inapita popote"

Fowili inafanya kazi moja: inagawa nguvu ya injini kwenye matairi manne ili gari lisogee pale ambapo mawili yangezunguka bure. Haifupishi breki hata kidogo, maana gari lolote, liwe fowili au lisiwe, linafunga breki kwa matairi manne. Ndiyo maana kwenye vile vilima vya Goba na Kimara wakati wa masika, fowili inapanda vizuri kabisa kisha inateremka na kuishia mtaroni kama gari jingine lolote. Dereva ameona imepanda, akaiamini na kushuka.

Halafu kuna ambao wana fowili ya kusimulia tu. RAV4 na Harrier za petroli tupu zinazoshuka bandarini zipo za namna mbili, na kwa macho ya nje zinafanana. Usisome nembo ya mlangoni, inama nyuma ya gari uchungulie chini. Ukiona propela shafti (bomba refu la kupeleka nguvu) inayotoka mbele na difu (tufe la gia) katikati ya matairi ya nyuma, hiyo ni fowili. Usipoviona, umepewa gari la kusukumwa na matairi ya mbele lenye sura ya porini. Shemeji yangu aligundua hilo akiwa kwenye mchanga wa Kigamboni, suti imemkaa, harusi inamngoja. Aliyemtoa pale hakuwa na gari kubwa. Kijana mmoja alimwambia apunguze upepo kwenye matairi, na gari likatoka lenyewe. Tairi lenye upepo pungufu linalala, linakanyaga eneo refu zaidi, halichimbi. Bora tu ukumbuke kulijaza tena ukifika kwenye lami, maana ukilikimbiza hivyo hivyo linapata moto na kuharibika.

"Weka spesa, itakuwa juu kama Prado"

Hapa nazungumza kwa uchungu. Gari langu la kwanza lilikuwa IST, lile dogo la Toyota, na wiki ya pili tu lilikuwa limeshagonga sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwenye jiwe. Fundi akaniwekea spesa, yaani vipande vya kuinua gari, juu ya shokapu, mbele na nyuma. Gari likainuka, mtaani nikasifiwa.

Miezi michache baadaye likaanza kulia kak-kak-kak kila nikikata kona. Fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alilala chini ya gari, akatoka na kipande cha mpira kilichochanika, kimejaa grisi na mchanga. Akakiweka kiganjani mwangu.

"Umeliinua bodi, bosi. Hii shafti hukuiinua."

Ndivyo ilivyo. Spesa inainua bodi na injini iliyofungwa humo, kwa hiyo sampu kweli inapata nafuu. Lakini shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi sasa inakaa kwa mshazari mkali kuliko alivyoipanga aliyetengeneza gari. Siivii jointi, kiungo kinachoiruhusu shafti kujikunja, inazunguka imejikunja muda wote, mpira wake unachanika, mchanga unaingia, biashara imeisha. Na ekseli ya nyuma haikuinuka hata nywele, kwa sababu yenyewe imefungwa kwenye matairi, na matairi ni yale yale. Kinachoinua ekseli ni tairi kubwa tu, na hilo lina mpaka wake kabla halijaanza kusugua bodi juu yake. Hata Land Cruiser ya ekseli nzima difu lake linaning'inia chini, spesa za dunia nzima haziwezi kulipandisha.

Simkatazi mtu spesa. Ndogo, ikifuatiwa na kupiga alaimenti (kunyoosha matairi), nimeona watu wakiishi nayo miaka. Ila kwa fedha ile ile ningeanza na bamba la chuma la kukinga sampu, na shokapu mpya. Magari mengi ya mitumba tunayosema "yako chini" yako chini kwa sababu springi na shokapu zimechoka. Yalipotoka kiwandani hayakuwa hivyo.

"Rimu kubwa ni gari imara"

Soma ubavu wa tairi. Ukikuta 185/65 R15, namba ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni asilimia ya upana huo, yaani kimo cha ubavu wa mpira. Piga hesabu: ni sentimita 12 za mpira kati ya shimo na chuma. Sasa mwenye kupendezesha gari anaweka 225/35 R20. Ubavu umebaki pungufu ya sentimita 8. Shimo la kwanza la nguvu mpira unabanwa hadi kwenye rimu, rimu inapinda au tairi linatoa uvimbe kama yai ubavuni. Watu wanalalamikia barabara. Barabara ina makosa yake, sawa, lakini rimu ya inchi 20 uliileta wewe.

"Bajaji na bodaboda ndizo za barabara mbovu"

Nusu kweli, na nusu hiyo ni ya bodaboda. Pikipiki nyingi za hapa zina rimu ya inchi 17, shokapu ndefu, na mstari mmoja tu wa kupita. Dereva anachagua upana wa kiganja katikati ya mashimo mawili na anapita. Kwenye utelezi hadithi inageuka, maana chombo cha magurudumu mawili hakina pa kuegemea.

Bajaji sasa. Rimu yake ni ya inchi 8, kwa hiyo shimo ambalo tairi la gari linalirukia juu juu, gurudumu la bajaji linazama humo. Tena ana mistari mitatu. Gari dogo likikuta shimo katikati ya njia linaliweka kati ya matairi na kupita. Bajaji akifanya hivyo, gurudumu lake la mbele, ambalo liko katikati kabisa, linaingia humo humo. Kaa nyuma ya dereva wa bajaji mzoefu, pale njia ya Kinyerezi inapoharibika, uangalie mikono yake. Anayumba kushoto, anarudi, anapunguza, anasimama karibu kabisa, kisha anashusha gurudumu la mbele peke yake taratibu kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu. Abiria tunadhani anacheza. Na kona kali asikate kwa kasi, kwa sababu mbele ana guu moja tu la kumzuia asipinduke.

Uwezo wa bajaji uko kwenye foleni. Upana wake ni mita 1.3 hivi, anageuka pale ambapo gari lingehitaji kurudi nyuma mara mbili. Kule anastahili sifa zote, isipokuwa ile tabia ya kutanua pembeni na kuwapigia honi waenda kwa miguu kwenye njia yao wenyewe.

"Gari kubwa linavuka maji"

Masika ya Machi hadi Mei ndiyo msimu wa kuona hili. Bonde la Msimbazi likijaa, Morogoro Road pale Jangwani hufungwa, na kila mwaka hakosekani mwenye gari refu anayeamini kwamba kufungwa huko kunawahusu wa IST. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 tu yanaweza kulisukuma gari dogo, na yakifika 60 yanabeba magari mengi, ya juu yakiwemo. Gari ni sanduku lenye hewa ndani, linaelea kabla hujaamini.

Hata maji yaliyotulia yana mtego. Injini inavuta hewa, na mdomo wake ukifikiwa na maji itayavuta hayo. Hewa ndani ya silinda inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda inagonga ukuta, na mkono wake unapinda. Gari likizimika majini usipige stata tena, livute hadi pakavu kwanza. Kitendo cha kujaribu "kuwasha kidogo tu" ndicho kinachoimaliza injini ambayo ingepona.

"Otomatiki na haibridi haziwezi foleni zetu"

Haibridi ni kinyume chake kabisa. Foleni ndipo mahali pake: injini ya petroli inazimika umesimama, gari linajongea kwa mota, na ukifunga breki umeme unarudi kwenye betri. Adui yake hapa kwetu ni vumbi. Kwenye nyingi, feni inayopoza betri inavuta hewa kutoka ndani ya gari, jirani na kiti cha nyuma, na watu huziba tundu hilo kwa begi au kanga. Otomatiki nayo inakuokolea klachi na goti la kushoto. Kinachoiua ni oili isiyo yake, hasa giaboksi za CVT, zile zisizo na gia za hatua, ambazo fundi wa haraka huzimwagia oili yoyote ya otomatiki iliyopo rafuni.

"Daladala zinapita, kwa hiyo njia ni nzuri"

Hiace ina springi za majani nyuma, imetengenezwa kubeba mzigo. Zaidi ya hapo, shokapu zinazokufa si za dereva wala konda. Msitumie daladala kama kipimo.

"Mwenye gari kubwa hufika mapema"

Japani wana sheria ya ukubwa: gari lao la daraja dogo lisizidi upana wa mita 1.7, na yale madogo kabisa ya injini ya 660 cc yasizidi 1.48. IST ya toleo la kwanza ina mita 1.695. Suzuki Carry, kirikuu yetu, iko kwenye daraja la chini kabisa. Yalikatwa kwa kipimo cha vichochoro vya Japani, na ndiyo maana vichochoro vya Sinza na Manzese vinayapokea bila ugomvi. Prado inakaribia mita 1.9 na ina uzito wa takribani tani mbili. Kwenye njia ya panya ikikutana na mkokoteni wa maji, mmoja lazima arudi nyuma, na mwenye mkokoteni harudi. Kwenye foleni kila ukisogea hatua tatu unazianzisha upya tani zile mbili kwa petroli yako.

Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye Prado anayoipenda kama mtoto, tunakutana getini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kule kwenye makorongo ananipita bila hata kupunguza mwendo, honi moja ya salamu, mimi nachagua mawe. Akifika Kimara anaipaki, analipa tiketi ya mwendokasi, anasimama ameshika bomba hadi Posta. Jioni nikimwamkia "Shikamoo mzee, gari linaendeleaje?" ananijibu, "Marahaba. Limelala vizuri."