Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa wanaoogopa kudharauliwa kliniki: maswali na majibu

Homa ya ini aina ya B ni nini?

Ni maambukizi ya ini yanayoletwa na virusi vinavyoenea kwa damu, shahawa na majimaji mengine ya mwili, na vinavyoambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko virusi vya UKIMWI. Chanjo yake ni dozi 3: ya pili hutolewa mwezi 1 baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza.

Kwa nini wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wanahimizwa zaidi?

Kwa sababu hatari yao ya kuambukizwa kwa njia ya ngono ni kubwa, na wengi wao hawajawahi kuchanjwa: Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, anayeuita ugonjwa wa mashoga anawapotosha watu, kwa kuwa mama humwambukiza mtoto anapojifungua, na wembe wa kuazimana unatosha.

Ubaguzi na msongo wa mawazo vinahusianaje na sindano?

Vinahusiana sana. Kumpenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani liliuondoa mwelekeo huo katika orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Lakini anayetukanwa mtaani na kukataliwa na jamaa zake huweza kupata sonona, na mwenye sonona hukosa usingizi na hamu ya kula, kisha haoni sababu ya kulilinda ini lake kwa ajili ya miaka 20 ijayo. Mara kwa mara ninaonyeshwa kadi ya chanjo yenye tarehe moja tu, na nikiuliza kuhusu dozi ya pili ninaambiwa kwamba pale mapokezini mhudumu alipaza sauti, foleni nzima ikisikia, akauliza, “Wewe ni mwanamume au mwanamke?” Huyo hakuikataa chanjo, alifukuzwa. Wahudumu wenzangu, tafadhali, tabia hii ikome.

Ukiwaza kujiua, mwambie mhudumu siku hiyo hiyo bila kuogopa polisi, kwani Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Sina dalili yoyote. Siwezi kusubiri kwanza?

Hapana, usisubiri. Virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku ini likijaa makovu na hatimaye kupata saratani. Wanaokuja macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, baada ya miezi ya kunywa mitishamba chumbani kwa kuona haya, hawawezi tena kuokolewa na chanjo, kwa sababu chanjo humkinga asiye na virusi na haimponyi aliye navyo. Pimwa ungali mzima.

Na kama jana nililala na mtu mwenye ugonjwa huu?

Njoo leo. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Usingoje Jumatatu, usingoje mshahara, usingoje kupata ujasiri. Njoo leo.

Ni lazima niseme ninalala na nani?

Si lazima. Sema, “Nataka kupimwa na kuchanjwa homa ya ini aina ya B,” na hayo yanatosha. Ninaielewa hofu yako, maana Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 inaulinda usiri wa habari za mgonjwa, nami sioni udhuru wowote kwa mhudumu anayezitangaza.

Niliacha baada ya dozi ya kwanza, miaka mitatu iliyopita. Nianze upya?

Hapana, unaendelea ulipoachia. Njoo na kadi yako. Kama imepotea, njoo hivyo hivyo.