Je, wajua kwa nini sidiria hukata mabega? Jibu liko mbavuni

Jioni ukivua blauzi, jitazame mabegani. Kuna mifereji miwili iliyochimbika, ngozi yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni? Wengi wetu tukiiona tunalaumu kamba: nyembamba mno, au tumezivuta mno. Wengine wanalaumu matiti yao kwamba ni mazito. Mimi niliamini hivyo zaidi ya miaka kumi, nikawa nanunua sidiria zenye kamba pana, na mifereji ikabaki palepale.

Fikiria mbeleko. Mama anapopanda mlima kule Tukuyu akitoka shambani, mtoto yuko mgongoni, hajaning'inizwa kwa kamba mbili begani. Kitenge kimepita chini ya kwapa zote mbili, kimeuzunguka mwili wa mama, kimebana, kikafungwa kifuani. Kinachombeba mtoto ni ule mbano wa kuzunguka. Kikilegea, mtoto anateleza, na mama anasimama kando ya njia, anainama, anafunga upya. Hata siku moja hutamwona akijaribu kukaza kitu begani ilhali kiunoni na kifuani kumelegea.

Sidiria inafanya kazi vilevile. Mzigo unabebwa na ule mkanda unaozunguka mbavu chini ya matiti. Kamba za begani kazi yake ni kuvishikilia vikombe visianguke mbele, basi. Mkanda ukiwa mpana, yaani mzunguko wake ni mkubwa kuliko wa mbavu zako, hauna pa kushika, uzito wote unahamia begani, na hapo ndipo kamba zinapoanza kukata. Mwenyewe unazivuta zaidi ili matiti yainuke, kumbe unauvuta mkanda wa nyuma upande juu. Ndiyo maana ukimwona mwanamke ambaye sidiria yake imepanda mgongoni na kukaribia mabega, ujue mbele imeshuka.

Titi lenyewe halina msuli wa kujiinua. Ndani yake kuna mafuta, tezi za maziwa, na nyuzi nyembamba zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Nyuzi hizo zikisaidiana na ngozi ndizo zinazolishikilia titi. Hivyo ukikimbilia daladala ukiwa na sidiria iliyolegea, hakuna kitu kingine kinachozuia mtikisiko.

Sasa, kwa nini wengi tunavaa mkanda mpana? Kwa Mbeya nina jibu ambalo nimeliona kwa macho yangu. Nenda soko la Mwanjelwa mwezi wa saba, asubuhi, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Umevaa blauzi, sweta, na labda koti. Meza ya sidiria iko njiani, watu wanapita, chumba cha kujaribia hakuna. Unafanyaje? Unaizungusha sidiria juu ya sweta. Ikifunga, unalipa. Sweta limekuongezea inchi za bure, na hizo inchi unakwenda nazo nyumbani. Niliwahi kumwambia dada muuzaji kwamba nahisi hii ni kubwa, akanijibu, "Chukua tu dada yangu, kubwa utaikaza kwa kamba." Alinijibu kwa nia njema kabisa. Lakini ushauri huo ndio uliokata mabega yetu.

Sababu ya pili ni namba zenyewe. Lebo ya 36B ina vitu viwili: 36 ni ya mkanda, B ni ya kikombe. Herufi hizi si za zamani sana. Zilianza kutumika Marekani miaka ya 1930, na kampuni ya S. H. Camp ilizitangaza mwaka 1932, A mpaka D. Kabla ya hapo sidiria haikuwa na kipimo cha kikombe. Ile ambayo Mary Phelps Jacob alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1914 ilikuwa na asili ya leso mbili na utepe.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba herufi ni ukubwa wa titi. Utasikia watu wanasema "D ni ya wenye matiti makubwa." Sivyo. Herufi ni tofauti kati ya vipimo viwili: mzunguko wa kifua katikati ya matiti, na ule wa mkanda. Kwa vipimo vya Marekani na Uingereza, tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Kwa hiyo D ya mwanamke mwembamba ni ndogo kuliko D ya mnene. Tena kuna jambo ambalo laiti ningeliambiwa nikiwa msichana: kikombe cha 36B, cha 34C na cha 32D vina ujazo uleule. Kinachobadilika ni mkanda. Ukishuka namba moja ya mkanda, unapanda herufi moja. Ukishuka mkanda bila kupanda herufi, titi linamwagika juu ya kikombe, nawe unasema, "Ndogo hazinifai," unarudi kwenye 36 yako.

Mimi nilikuwa mtu wa 36B. Siku moja nilipeleka gauni kwa fundi wangu wa cherehani, mama mtu mzima, na alipokuwa ananipima nikamwomba anipime pia chini ya matiti. Alinizungushia futi, akaniambia nitoe pumzi, akaikaza, akasema, "Thelathini na mbili." Juu ya matiti ilikuwa 36. Tofauti ni 4. Yaani 32D! Nilisimama pale nikiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyeambiwa umri wake si ule anaoujua.

Lakini 32D haikuwa mwisho wa habari, maana viwanda havihesabu sawa. Hesabu ya zamani ya Marekani na Uingereza ilichukua kipimo cha mbavu ikaongeza inchi 4 au 5 kupata namba ya mkanda. Kwa hesabu hiyo mbavu zangu za 32 zinakuwa 36, ndiyo maana wauzaji hawakuwa wananidanganya. Viwanda vingi vimeiacha, vingine bado vinashona kwa mazoea yale. Ongeza na lebo za nchi mbalimbali: mkanda wa 34 wa Uingereza unaweza kuandikwa 75 kwenye lebo ya Ulaya, na 90 kwenye lebo ya Ufaransa. Ukiona 90 usiogope. Kwa hiyo kipimo cha fundi kinakuonyesha pa kuanzia tu. Kwenye chapa moja mwili wangu ulikubali 32D, kwenye nyingine 34C.

Kinachoamua ni mwili. Ivae sidiria kwanza kwa kulabu za nje kabisa, zile za kulegeza, kwa sababu lastiki inalegea kadiri siku zinavyokwenda, na kulabu za ndani umewekewa za kukaza baadaye. Ikikubana vizuri kwenye kulabu za ndani ikiwa mpya, miezi michache tu itakuwa imekwisha. Inama kidogo mbele, ingiza mkono, ulete titi lote ndani ya kikombe kutoka kwapani, maana nyama ya titi inafika mpaka huko. Hatua hii wengi tunairuka, halafu tunashangaa kikombe kina nafasi. Simama wima. Mkanda uwe mlalo, nyuma usawa na mbele, na vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo. Kama ina waya, ukae chini ya titi kwenye mkunjo na kwenye mbavu, usikanyage titi, na kile kipande cha katikati kiguse mfupa wa kifua. Halafu shusha kamba zote mbili begani. Mkanda ukibaki mahali pake, umepata. Ukishuka, ni mpana.

Jaribio hilo halifanyiki juu ya sweta. Nenda siku ya jua na fulana nyepesi ya kubana ndani, au nunua kwenye duka lenye pazia, au mwombe muuzaji akubali kubadilisha ikiwa haijavaliwa. Mitumba ni suala jingine. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, na mimi naongeza ya kwangu: lastiki ya sidiria iliyokwisha kuvaliwa na mtu imeshachoka, kwa hiyo lebo yake haisemi tena ukweli hata kama ni namba yako.

Kwa anayenyonyesha, sidiria ya kubana kikombeni si jambo dogo. Inaweza kuziba mirija ya maziwa na kuleta uvimbe na maumivu. Matiti hubadilika ukiwa mjamzito, ukinenepa, ukikonda, hata siku za mwezi, kwa hiyo kipimo cha miaka mitatu iliyopita si chako tena. Na wale wanaoogopeshwa kwamba sidiria huleta saratani: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliofanywa kwa wanawake waliokoma hedhi, haukuona uhusiano wowote.

Kama tayari una sidiria ambazo vikombe vyake vinakutosha ila mkanda umelegea, usizitupe. Mpelekee fundi. Atafumua mahali kulabu zilipo, apunguze inchi mbili nyuma, arudishe kulabu. Zangu nne zilishonwa hivyo kwa siku moja, nami nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nikinywa chai. Kikombe ndicho fundi hawezi kukurekebishia, kwa hiyo ukibanwa kuchagua kati ya mbili, chukua ile ambayo kikombe kimekaa.