Kamera ya mtego ni nini?

Mtego bila chambo haunasi, ndivyo tulivyofundishwa. Huu hunasa bila chambo, na mnyama huenda zake mzima. Kamera ya mtego ni kamera ndogo ndani ya kasha gumu, hufungwa mtini au kubanwa kati ya mawe na kuachwa huko peke yake kwa wiki kadhaa. Ina kihisi cha joto. Mwili wenye joto tofauti na mazingira ukikatiza mbele yake, inapiga picha, inaandika tarehe na saa, halafu inatulia.

Jangwani mambo hugeuka. Jiwe lililopigwa na jua la mchana hufikia joto la mwili wa mnyama, basi kihisi hakioni tofauti: chui anapita na kadi ya kuhifadhia picha inabaki tupu. Tena upepo ukitikisa nyasi zilizopata moto, unaletewa mamia ya picha za nyasi. Ndiyo maana wazoefu hufyeka kilicho mbele ya lenzi na hawaielekezi kwenye mawio wala machweo.

Chukua milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Huko Jabal Samhan ndiko anakoishi chui wa Uarabuni, mdogo kuliko chui wetu, dume lake likiwa na kilo 30 hivi. Porini wanakadiriwa kubaki chini ya 200 kwa jumla. Watu wengi hudhani kamera ndiyo inayomtafuta. Hapana, anayemtafuta ni mtu anayejua kusoma ardhi: kinyesi kilichoachwa kwenye njia ya mgongo wa mlima, udongo uliokwanguliwa kwa miguu ya nyuma, nyayo kwenye mchanga wa wadi, yaani bonde la mto uliokauka. Akishaijua njia, ndipo anapofunga kamera mbili zinazotazamana, usawa wa goti.

Kwa nini mbili? Kwa sababu madoa ndiyo kitambulisho cha chui, na ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Ukiwa na picha ya kushoto ya Jumatatu na ya kulia ya Alhamisi, huwezi kusema ni chui mmoja au wawili. Kwa hiyo picha mbaya inayoonyesha madoa ina thamani kuliko picha nzuri ya uso. (Na jiandae: kabla ya chui utapitia picha za ngamia wa wafugaji mpaka uchoke.)

Mgumu zaidi ni paka wa mchangani. Nyayo zake zina manyoya chini, kwa hiyo alama yake ni hafifu, na ukimmulika tochi usiku hujilaza na kufumba macho, hata ule mng'ao unaowaumbua paka wengine usiuone. Kwake kamera hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, badala ya flashi nyeupe. Picha hutoka nyeusi na nyeupe, yenye chengachenga, masikio yake mapana yakionekana kwanza.