Si Kila Babu Alikuwa Burma

Wiki iliyopita nililetewa tena medali mbili zilizofungwa katika kitambaa cha kanga, cheti cha kuachishwa jeshi kilichochanika kwenye mikunjo, na sentensi ambayo nimeisikia kwa miaka yote ya kazi hii ya kuzisomea familia karatasi za askari wa Keya (King's African Rifles, au KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki): "Babu yetu alipigana Burma." Nilizitazama medali, na Nyota ya Burma, medali ya waliotumikia katika vita vya nchi hiyo ambayo leo inaitwa Myanmar, haikuwamo. Zilikuwa Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita. Nilikisoma cheti mara mbili, na mahali pekee pa ng'ambo palipotajwa ni Seloni, nchi ambayo leo tunaiita Sri Lanka. Nilipowaeleza hivyo, mjukuu mkubwa aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama babu yao aliwadanganya.

Swali hilo limenichosha na limeniumiza, na ndilo lililonifanya niandike. Tumelifanya jina moja, Burma, limeze kila kisiwa, kila bandari na kila kambi ambamo askari wa Afrika Mashariki waliwekwa kati ya mwaka 1940 na 1946, kiasi kwamba mtu aliyekaa miaka miwili akiulinda ufukwe wa Trincomalee, bandari ya Seloni, anaonekana hakufanya lolote, na watoto wake wanaona aibu pasipo sababu.

Niyapitie haraka makosa madogo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya mwaka 1927 na inahusu Vita Vikuu vya Kwanza, kwa hiyo haithibitishi chochote kuhusu babu aliyeandikishwa mwaka 1942. Kariakoo nayo ni habari ya wapagazi wa vita hivyo vya kwanza. Na wale wanaosema kwamba katika vita vya pili wazee wetu walibeba mizigo tu wanasahau bataliani nzima za bunduki, mizinga, madereva, wauguzi na watu wa simu. Zaidi ya watu 80,000 walitoka Tanganyika peke yake, na kazi zao hazikuwa za aina moja.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1942 ulianza vibaya sana kwa Waingereza. Singapore ilianguka mwezi Februari, Rangoon, mji mkuu wa Burma, ikafuata mwezi Machi, na tarehe 5 Aprili ndege za Wajapani zilizoruka kutoka kwenye manowari zao zikaupiga mji wa Colombo, kisha tarehe 9 Aprili zikaipiga Trincomalee. Meli nyingi za kivita za Waingereza zilizokuwa katika bahari hiyo zikarudishwa nyuma, na kituo chao kikawa Kilindini, Mombasa. Ninawaomba wasomaji watulie hapo kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo. Wakati ule Seloni ilikuwa mlango, na mlango huo ukivunjwa, ng'ambo ya maji ilikuwa pwani yetu wenyewe. Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kisiwani humo mwaka huohuo. Askari aliyechimba handaki kwenye mchanga wa Seloni akiingojea meli ya Kijapani ambayo haikufika alikuwa kazini kama askari mwingine yeyote, naye hakuwa na njia ya kujua kwamba haitafika.

Hofu hiyohiyo iliwapeleka wengine Madagaska. Waingereza waliishambulia Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942 ili bandari hiyo, iliyokuwa chini ya serikali ya Vichy, yaani Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, isitumiwe na Wajapani. Baadaye Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikaletwa, ikashiriki katika mwendo mrefu wa barabara zilizozibwa kwa mawe na miti kuelekea Antananarivo na kusini zaidi, mpaka Wafaransa walipokubali kuweka silaha chini mwezi Novemba. Hakuna nyota iliyopewa jina la Madagaska, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kisiwa hicho kutoweka katika masimulizi yetu, kwa kuwa kisichokuwa na medali yake hukosa hata hadithi.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo kila mtu huikusudia anaposema Burma, iliundwa mwaka 1943 na ikakusanywa na kufundishwa vita vya msituni hukohuko Seloni. Iliingia Burma katikati ya mwaka 1944, ikashuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, ndani ya tope na malaria, ikaiteka Kalewa tarehe 2 Desemba, na baada ya Mto Chindwin kuwekewa daraja ikarudishwa India. Hesabu mwenyewe. Hata kwa askari wa divisheni hiyo maarufu, mapigano ya Burma yalichukua miezi michache, na muda uliobaki wa utumishi wake ng'ambo ulikuwa wa mafunzo, ulinzi, hospitali na kungoja. Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya ilimjua kama Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau, alipitia Seloni kabla ya kufika mstari wa mbele. Kuna vikosi vingine, kama brigedi za 22 na 28, vilivyopigana Burma mwaka 1945, lakini wako wengi waliovuka bahari bila kufika huko kabisa.

Na wako ambao hawakufika popote. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi na kuzama kwa muda wa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia ikiniambia kwamba babu yao alifia Burma mwanzoni mwa 1944, jambo la kwanza ninalolitazama ni kama alikuwa mtu wa mizinga.

Nyota ya Burma ina masharti yake. Ilitolewa kwa waliotumikia katika eneo la mapigano la Burma na sehemu za India zilizopakana nalo, na kwa askari wa nchi kavu Seloni haikuhesabiwa. Aliyekaa kisiwani mwaka mzima au zaidi aliweza kustahili Medali ya Ulinzi. Aliyepigana Ethiopia na Somalia kabla ya mwisho wa 1941 alistahili Nyota ya Afrika, ambayo watu wengi hudhani ni ya jangwa la Libya tu. Medali hizi, kama walivyozipata askari wetu, hazikuchongwa jina, kwa hiyo medali iliyomo sandukuni inaweza kuwa ya babu, ya ndugu yake, au iliyonunuliwa sokoni, na ndiyo maana ninasisitiza niletewe karatasi.

Hata karatasi ninaziamini kwa kiasi, na vitabu vya historia huwa havilisemi hili waziwazi. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, umri aliukisia kwa macho, na mahali pa kuzaliwa akajaza jina la chifu. Nikijua bataliani ninajua bataliani ilikuwa wapi, lakini mtu mmoja aliweza kuachwa hospitalini, kuhamishiwa kwenye magari, au kubakishwa kambini kwa miezi mingi. Wala asili ya mtu haitoshi: Itote alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, lakini alitumikia katika bataliani ya 36, iliyohesabiwa kuwa ya Tanganyika.

Lipo pia shaka linalonikosesha raha zaidi. Kwa miaka mingi niliwasahihisha wazee wenyewe, nikiwaambia kwamba walikuwa Seloni na si Burma, na wengine walinitazama kama mtu asiyejua lugha. Sasa ninaelekea kuamini kwamba katika vinywa vya wengi wao neno Bama, yaani Burma, lilikuwa jina la vita vyote vya upande ule wa bahari, kama sisi tunavyosema "Ulaya" bila kutaja nchi. Ikiwa ndivyo, hawakudanganya, na kosa lilikuwa langu la kudai ramani mahali ambapo mtu alikuwa ananisimulia maisha yake. Wapo waliodanganya kwa makusudi, na Idi Amin, aliyedai kupigana Burma ilhali aliingia KAR mwaka 1946 vita vikiwa vimekwisha, ndiye mfano unaojulikana zaidi. Lakini si haki kumpima kwa mfano huo mkulima aliyerudi kijijini na blanketi moja na malipo ya kuagwa ambayo kiwango chake kilipangwa kwa rangi ya ngozi.

Yule mjukuu nilimwomba anieleze babu alikuwa akisimulia nini hasa. Akasema mzee alizungumza kila mara juu ya milima ya chai yenye baridi, na tembo waliopambwa kwa vitambaa wakipita barabarani usiku kwa mienge na ngoma. Nyumbani walimwacha aseme, kwa kuwa walijua Burma ni msitu na risasi, wakaamini kwamba uzeeni amechanganya Burma na mashamba ya chai ya Mufindi.

Nikamfungulia ramani, nikamwonyesha Kandy, huko Seloni. Mji huo umezungukwa na milima ya chai, na kila mwaka tembo hupambwa na kutembezwa usiku katika maandamano ya Hekalu la Jino, hekalu la Wabudha. Pembeni mwake pana makaburi ya vita, na kati ya waliozikwa humo 35 ni askari wa Afrika Mashariki. Akaomba kalamu, akaandika jina la Kandy nyuma ya cheti, kisha akatoka nje kumpigia simu mama yake.