Kuahirisha si uvivu

Kuahirisha tunakokuzungumzia hapa ni kusogeza mbele kazi uliyokusudia kuifanya, huku ukijua kabisa kwamba kuchelewa kutakuumiza. Mkulima anayengoja mvua ndipo apande haahirishi, ana sababu. Mvivu naye hana nia ya kufanya, na usiku analala vizuri. Anayeahirisha nia anayo, usingizi ndio hana.

Mwaka juzi mikorosho ya mjomba wangu kule Tandahimba ilianza kuchanua. Salfa, dawa ya kuikinga, alishaipata, mifuko imepangwa nyuma ya mlango. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, haungoji mtu: ukishika maua machanga yanakauka, na hapo korosho huna. Kila nikimuuliza, jibu ni "keshokutwa". Wala hakuwa amekaa tu. Wiki ile alikarabati banda la mbuzi, akatia mipini majembe mawili, akafagia hadi nyuma ya choo.

Kumbe mashine ya kupulizia ni ya jirani, na jirani alikuwa anamdai hela tangu msimu uliopita. Kwenda kuazima mashine ni kwenda kukumbushwa deni. (Mimi ni mpwa, mjomba haambiwi na mpwa wake kwamba anaogopa. Nilinyamaza.)

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tunasema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hayo ni matokeo, chanzo hakijatajwa. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha anatafuta kutuliza moyo kwa wakati ule. Anachokimbia ni aibu, hofu au uchovu unaokuja na kazi, si kazi yenyewe. Ukisema "kesho", kifua kinalegea papo hapo. Nafuu hiyo ni tamu, na kesho utaitafuta tena.

Umbali wa malipo nao unachangia. Salfa inapuliziwa mwezi wa sita, hela ya mnada wa korosho inaonekana kuanzia wa kumi. Aibu kwa jirani ni ya leo hii.

Utafiti uliochapishwa 1997 uliwafuatilia wanafunzi wa chuo kimoja Marekani. Mwanzoni mwa muhula walioahirisha walikuwa na raha kuliko wenzao. Mwishoni wakawa na msongo zaidi, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa za chini. Mwingine wa 2010 ulionyesha kwamba waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwa uliofuata. Mimi naona ni sawa: ukijitukana unaiongezea kazi ile ile aibu nyingine ya kukimbia.

Mwishowe jirani mwenyewe ndiye aliyekuja, akauliza mbona mashine haijafuatwa. Deni likatajwa, wakakubaliana lilipwe baada ya mnada. Chai niliyowawekea ilikuwa bado ya moto. Mikorosho ya upande wa bondeni ilikuwa imeshashikwa.